Siprofloksasini imepungua, sulfamethoksazoli imeongezeka: mtambo wetu wa tope hai unaondoa nini hasa?

Msimamizi wa Mtambo

Ndugu wataalamu, naomba mnisaidie kusoma matokeo ya maabara yaliyonifikia wiki hii na ambayo, kwa kweli, yamenikosesha usingizi. Ninasimamia mtambo mdogo wa kusafisha majitaka ya hospitali yenye vitanda 280. Tunapokea takribani mita za ujazo 110 kwa siku, ambazo hupita kwenye chekeche ya taka ngumu, tangi la kusawazisha, tangi la hewa lenye mita za ujazo 46 ambamo tope hai, yaani bakteria wanaokula uchafu, hupuliziwa hewa, na tangi la kutuamisha, kisha hutiwa klorini kabla ya kutoka. Tope tunalitoa kila siku na kulikausha kwenye vitanda vya mchanga.

Kwa mara ya kwanza tumepima antibiotiki. Sampuli zilichukuliwa siku moja, saa nne asubuhi, mlangoni na kwenye tokeo kwa wakati mmoja. Siprofloksasini ilikuwa mikrogramu 9.2 kwa lita ikiingia na 1.6 ikitoka. Trimethoprimu ilikuwa 1.3 ikiingia na 1.2 ikitoka. Amoksisilini, ambayo ndiyo dawa inayotolewa kuliko zote katika wodi zetu, haikuonekana popote. Kilichonishangaza zaidi ni sulfamethoksazoli, kwani iliingia ikiwa 2.1 na kutoka ikiwa 2.6. Amonia nayo, iliyokuwa miligramu 46 kwa lita, ilishuka hadi 31 tu.

Uongozi umefurahia ile siprofloksasini na unataka iandikwe kwenye ripoti kwamba mtambo unaiharibu kwa asilimia 83. Mimi nasita kutia sahihi. Je, ninaweza kusema hivyo kwa dhamiri safi? Dawa inawezaje kuongezeka ndani ya mtambo wa kusafisha? Je, ni antibiotiki hizi zinazowaua bakteria wetu hata amonia ikashindikana? La mwisho ni kwamba majirani wenye bustani za mboga wameomba tope letu kavu liwe mbolea, na magunia machache yalikwisha kutolewa kabla sijashika zamu hii. Ningependa kujua kama tulifanya jambo la hatari.

Mkemia wa Maji

Ndugu Msimamizi, umefanya vyema kusita. Kupungua kwa dawa ndani ya maji na kuharibiwa kwa dawa ni mambo mawili tofauti, na matokeo yako yanayaonesha yote mawili kwa uwazi ambao mara nyingi hatuupati. Niruhusu niichukue kila dawa peke yake, kwa sababu neno "antibiotiki" linafunika kemikali zisizofanana hata kidogo katika tabia zao mbele ya tope.

Nianze na siprofloksasini. Katika maji ambayo si chachu wala magadi, molekuli yake ina upande wenye chaji chanya na upande wenye chaji hasi, ilhali kuta za bakteria na ute unaowaunganisha vina chaji hasi. Kwa hiyo dawa hii, ingawa inapenda maji, hunasa kwenye tope kwa nguvu kubwa, na bakteria wa kawaida wa tangi la hewa huivunja kwa kiasi kidogo sana. Fanya hesabu pamoja nami. Tofauti kati ya 9.2 na 1.6 ni mikrogramu 7.6 kwa lita, na ukizidisha kwa mita za ujazo 110 unapata takribani miligramu 836 kwa siku. Kama mtambo wa ukubwa wako unatoa, tuseme, kilo 20 hivi za tope kavu kila siku, basi kila kilo ya tope hilo inaweza kubeba takribani miligramu 40 za siprofloksasini ambayo bado ni nzima. Ile asilimia 83 haikuharibiwa, bali imehama kutoka kwenye maji kwenda kwenye vitanda vyako vya mchanga. Andika kwenye ripoti kwamba "imeondolewa kwenye maji", na ukiweza mwaka huu lipime tope lenyewe, maana ripoti isiyo na kipimo cha tope haijasema lolote kuhusu hatima ya dawa hii.

Sulfamethoksazoli ina kisa kingine. Ini la mgonjwa huibandika kundi la asetili, na sehemu kubwa ya dawa hutoka kwenye mkojo ikiwa katika umbo hilo, ambalo kipimo cha maabara yako hakilitambui kwa sababu kilitafuta dawa mama peke yake. Ikifika kwenye tangi, bakteria wanalikata lile kundi la asetili na dawa mama inarudi kama ilivyokuwa. Kwa hiyo mtambo wako haukutengeneza dawa. Umeifunua iliyokuwa imejificha. Maabara ikipima umbo la asetili pamoja na dawa mama, halafu ukajumlisha, utaona picha ya kweli, na huenda ukakuta kwamba kiasi fulani kimevunjwa, kwani dawa hii huvunjwa na bakteria ingawa kwa kusuasua.

Kuhusu amoksisilini, nakuomba usiihesabu kuwa ushindi wa mtambo. Jamii yote ya penisilini ina pete ndogo yenye pembe nne ambayo hufunguka kwa urahisi ndani ya maji, na vimeng'enya vya bakteria waliomo mabombani huifungua haraka zaidi. Mara nyingi dawa hiyo huwa imekwisha kabla haijaifikia chekeche yako. Hata hivyo, bakteria wa mgonjwa waliojifunza kuipasua pete hiyo wanafika wakiwa hai, na hao ndio wa kuangaliwa.

Trimethoprimu hupita karibu yote katika tope changa. Huondoka vizuri zaidi kwenye mitambo ambayo tope lake hukaa muda mrefu na ambayo amonia hugeuzwa kuwa naitrati kikamilifu, jambo ambalo kwako halitokei. Kwa maoni yangu amonia ndiyo dalili kuu katika karatasi yako yote, kuliko hata namba za dawa.

Neno moja kuhusu sampuli. Maji yanayotoka saa nne asubuhi hayakuingia saa nne asubuhi. Yaliingia jana usiku au mapema zaidi, kutegemea tangi lako la kusawazisha. Tena mkojo wa kwanza wa asubuhi na ratiba ya dozi za wodini hufanya kiasi cha dawa kupanda na kushuka kila saa. Chukua sampuli ndogondogo kila saa kwa saa 24, uzichanganye kwa uwiano wa mtiririko, zitunzwe kwenye baridi na gizani, na ile ya tokeo ianze kwa kuchelewa muda uleule ambao maji hukaa ndani ya mtambo. Bila hivyo unalinganisha maji ya watu wawili tofauti.

Fundi wa Tope

Nimeendesha mitambo ya namna hii kwa miaka mingi, na nitajibu lile swali la kama antibiotiki zinawaua bakteria wako. Kwa viwango ulivyotaja, jibu langu ni hapana. Dawa zako zipo katika mikrogramu kwa lita, ilhali upumuaji wa tope kwa kawaida huanza kudhoofika dawa inapofikia miligramu, yaani mara elfu zaidi. Ukiona tope la hospitali limelegea, itafute kwanza ndoo ya mfanya usafi kabla ya sanduku la dawa. Klorini ya kusafishia sakafu, glutaraldehaidi ya kuoshea vifaa, na zile sabuni za kuua vijidudu zenye amonia ya kwaternari humwagwa kwenye sinki kwa lita nyingi, na zinatengenezwa kwa kusudi hilohilo la kuua bakteria. Tangi lako halina namna ya kujua kwamba halikukusudiwa.

Wanaoumia kwanza ni wale wanaooksidisha amonia, jamii ya Nitrosomonas na wenzao. Hukua polepole mno. Wakati bakteria wanaokula uchafu wa kawaida huongezeka maradufu kwa saa chache, hawa huhitaji siku nzima au zaidi, na wakishauawa huchukua wiki kadhaa kurejea. Kama maji yako yana joto la nyuzi 25 hivi, tope lenye umri wa siku 5 au 6, yaani linalokaa mtamboni kwa wastani wa siku hizo kabla ya kutolewa, lilipaswa kuwatosha. Kwa hiyo ama umri wa tope lako ni mfupi kuliko unavyodhani, ama oksijeni haitoshi, ama kuna kitu kinawaua. Pima naitrati kwenye tokeo. Nina hofu kwamba hizo miligramu 15 za amonia zilizopungua hazikuoksidishwa kabisa, bali zimetumiwa tu na bakteria wengine kujengea miili yao.

Halafu fanya jaribio hili, ambalo halihitaji maabara. Chota lita 1 ya tope kutoka tangi la hewa, lipulizie hewa mpaka oksijeni ifike miligramu 6 hivi, lijaze kwenye chupa ya mdomo mwembamba, tumbukiza kipima oksijeni ukiwa unakoroga taratibu, kisha andika namba kila dakika kwa dakika 10. Tope lenye afya hushusha oksijeni kwa mstari ulionyooka. Rudia kwa tope lilelile ukiwa umetia maji ya kudekia kutoka wodini, kwa uwiano ule yanaofika nao tangini. Rudia mara ya tatu kwa tope safi lililotiwa alilithiourea kidogo, kemikali inayowazuia waoksidishaji amonia peke yao. Tofauti kati ya mstari wa kwanza na wa tatu ndiyo pumzi yao. Mistari hiyo mitatu, ikichorwa kwenye karatasi moja, hueleza mengi kuliko kurasa za ushauri, na hata mhasibu wa hospitali huielewa.

Kuhusu umri wa tope, utasikia watu wakikuambia upandishe hadi siku 20 ndipo dawa zivunjwe vizuri. Hawakosei kuhusu biolojia, lakini waulize tope hilo litakaa wapi. Tangi lako la mita 46 lenye gramu 3 kwa lita lina kilo 138 za tope. Ukipunguza kutoa tope bila kubadilisha kitu kingine, tope litapanda kuelekea gramu 7 au 8 kwa lita, na tangi la kutuamisha la kawaida halitalishika. Utaliona likifurika na kutoka na maji, likiwa na siprofloksasini yake yote. Nenda polepole mpaka siku 10 hivi, ukiangalia kila siku namna tope linavyotua kwa dakika 30 kwenye silinda ya lita 1. Likianza kubaki juu ya nusu ya silinda, simama hapo hapo.

Msimamizi wa Mtambo

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimefanya jaribio la chupa kama Fundi alivyoelekeza, na ninaleta namba. Tope safi lilishuka kutoka 6.1 hadi 1.6 kwa dakika 9, yaani nusu miligramu kwa kila dakika. Lililotiwa maji ya kudekia lilishuka kwa miligramu 0.2 tu kwa dakika, na lilitoa povu jeupe lililokataa kutulia. Lile la alilithiourea lilishuka kwa 0.48, karibu sawa na tope safi, jambo ambalo nadhani lina maana kwamba waoksidishaji amonia hawapo kabisa. Naitrati kwenye tokeo ni miligramu 1.1. Oksijeni katika tangi ni 1.8 mchana na haishuki chini ya 1.5 usiku.

Nimefuatilia pia umri wa tope. Tunatoa mita za ujazo 2.7 kwa siku zenye gramu 8 kwa lita, yaani karibu kilo 22, na nyingine kilo 3 na zaidi kidogo hutoka na maji. Umri wake ni siku 5 na nusu.

Jambo jingine nililogundua nikiwa nimesimama kwenye tangi la kusawazisha ni kwamba kila Jumatatu asubuhi kuna harufu kali na povu. Nimeuliza, nikaambiwa kwamba Jumatatu ndiyo siku ya kuosha chumba cha upasuaji na wodi mbili kwa pamoja, na mabaki ya dawa ya sakafu humwagwa yote kwenye bomba moja. Nimeoneshwa vilevile sinki ambamo wauguzi humalizia mabaki ya dripu za antibiotiki mgonjwa anaporuhusiwa au matibabu yanapobadilishwa. Sikujua hata moja kati ya haya, na nimekuwa nikiangalia bomba la mwisho kwa mwaka mzima.

Mwanabiolojia wa Vijidudu

Nimefuatilia mjadala huu kwa makini, na ningependa kusimama kwenye jambo ambalo bado halijaguswa vya kutosha, nalo ni usugu wa bakteria dhidi ya dawa. Ndugu Fundi amesema kweli kwamba mikrogramu chache hazilizimishi tope. Lakini kiwango kinachoua bakteria na kiwango kinachowapa bakteria sugu nafasi ya kuwashinda wenzao ni tofauti kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Sweden walionesha kwamba bakteria wa E. koli wenye mabadiliko ya usugu huwashinda wenzao dhaifu hata siprofloksasini ikiwa karibu mikrogramu 0.1 kwa lita, kiasi ambacho hakimuui yeyote kati yao. Mwaka 2016 watafiti wengine wa Sweden walipendekeza mipaka ya kutovukwa ili usugu usikuzwe kwa antibiotiki 111, na kwa siprofloksasini walipendekeza mikrogramu 0.064 kwa lita. Tokeo lako la 1.6 ni mara 25 ya mpaka huo, hata baada ya ile asilimia 83 inayofurahisha uongozi. Si sheria, lakini ni kipimo ambacho mtu mwenye kujali anaweza kujipimia.

Watu huuliza kama tangi la hewa, lenye chakula tele, bakteria wengi waliobanana na dawa kidogo kidogo, ni shule ya usugu. Jibu langu lina pande mbili. Kwa idadi, mtambo unaofanya kazi vizuri huondoa asilimia 90 hadi 99 ya bakteria wa utumbo wanaoingia, na jeni za usugu katika kila mililita hupungua pamoja nao, kwa hiyo kuuzima mtambo kwa hofu hiyo kungekuwa kosa kubwa. Kwa uwiano, yaani ni bakteria wangapi kati ya mia wanaobeba jeni hizo, kuna jeni ambazo hubaki palepale au hupanda, kwa sababu hubebwa kwenye vipande vya DNA vinavyohama kutoka bakteria mmoja kwenda mwingine. Ukipata nafasi ya kupima jeni moja tu, pima intI1, ambayo husafiri pamoja na nyingi kati ya hizo na hutumika kama alama ya uchafuzi wa binadamu. Kwa hospitali, ningeongeza zile zinazopasua dawa za akiba za jamii ya karbapenemu, mfano blaNDM.

Sasa nije kwenye klorini yako. Ikiwa maji yanafika kwenye tangi la klorini yakiwa na miligramu 31 za amonia, klorini haibaki huru. Hushikana na amonia na kuwa kloramini, ambayo huua polepole zaidi. Ili uimalize amonia yote kwa klorini ungehitaji takribani mara 7.6 ya uzito wake, yaani zaidi ya miligramu 230 kwa lita, na hakuna anayepaswa kufanya hivyo. Kwa maneno mengine, wale bakteria waliouawa na maji ya kudekia ndio waliokuwa wakiiandalia klorini yako njia. Warudishe, na uuaji wa vijidudu kwenye tokeo utaimarika bila kuongeza hata gramu.

Kuhusu tope na bustani za mboga, naomba uache mara moja, na magunia yaliyokwisha kutoka yafuatiliwe kwa upole bila kumtia mtu hofu. Mkemia amekwisha kukuonesha hesabu. Siprofloksasini ikishanasa kwenye tope hukaa; hata kwenye matangi ya kuozesha tope bila hewa haivunjiki kwa kiasi cha maana, na ikifika shambani hung'ang'ania udongo kwa muda mrefu. Pamoja nayo kuna mayai ya minyoo, ambayo kukausha kwa wiki chache hakuyamalizi, na kuna bakteria sugu wa wodini. Mboga zinazoliwa mbichi ndizo njia fupi zaidi ya kurudisha haya yote kwenye tumbo la binadamu. Kuozesha kwa joto, tope likichanganywa na mabaki makavu ya mimea na kushika nyuzi 55 au zaidi kwa siku mfululizo huku likigeuzwa, huua vijidudu na hupunguza sehemu ya dawa, lakini kwa tope la hospitali mimi ningechagua kulichoma kwenye tanuri linalostahili au kulizika kwenye shimo lililotandikwa vizuri, ambalo maji yake ya mvua hayachuruziki ardhini. Hata vile vitanda vya mchanga, hakikisha maji yanayochujika chini yake yanarudi mwanzo wa mtambo.

Mhandisi wa Mitambo Midogo

Naongeza machache kwa kuwa uongozi wako utakuuliza, "Basi tununue nini?"

Kuna njia mbili za kuwapa bakteria wa polepole makazi bila kulizidishia uzito tangi la kutuamisha. Ya kwanza ni vibebeo vya plastiki vinavyoelea ndani ya tangi la hewa, ambavyo bakteria huota juu yake kama tabaka jembamba na kubaki hata tope likitolewa. Ya pili ni chujio la utando lenye matundu madogo kuliko bakteria, ambalo huchukua nafasi ya tangi la kutuamisha na kuruhusu tope la gramu 8 hadi 12 kwa lita, lenye umri wa zaidi ya siku 20. Kwa mtambo wako ningeanza na vibebeo, kwa sababu utando unahitaji kuoshwa kwa kemikali, umeme wa uhakika, na mtu wa zamu anayejua kusoma shinikizo. Ukikosa kimoja, utaziba. Kabla ya chochote, hakikisha vipulizia hewa vinatosha. Kuoksidisha miligramu 30 za amonia katika maji yako yote kunadai karibu kilo 15 za oksijeni zaidi kwa siku, na hula pia ukali wa magadi wa maji, zaidi ya miligramu 7 kwa kila miligramu 1 ya amonia, hivyo pima usije ukashangaa maji yakigeuka kuwa chachu katikati ya tangi.

Biolojia peke yake haitamaliza kazi hata ukiwa na utando bora. Nchini Uswisi mtambo wa majaribio wa utando uliofungwa hospitalini ulipunguza jumla ya mzigo wa dawa kwa asilimia 22 tu, kwa kuwa zaidi ya asilimia 80 ya mzigo huo zilikuwa dawa zenye iodini zinazotumika kwenye picha za eksirei, ambazo bakteria hawazigusi. Ndiyo maana hospitali ya Herlev nchini Denmark, ambayo mtambo wake ulianza kazi mwaka 2014, iliweka baada ya utando mkaa ulioamilishwa, ozoni na mwanga wa urujuanimno. Ozoni huivunja sulfamethoksazoli na trimethoprimu upesi, lakini tu ikiwa maji yanayoifikia ni safi. Ukiipeleka kwenye maji yenye tope na amonia iliyokwama kama ilivyo sasa, itaisha kwa kuchoma uchafu. Sipendekezi kununua ozoni leo.

Kama kuna tangi la zamani lisilotumika, lifikirie kama hatua isiyo na hewa kabla ya tangi la hewa. Sulfamethoksazoli na trimethoprimu, zinazosumbua kwenye hewa, huvunjwa vizuri zaidi pasipo oksijeni, na hatua hiyo haidai umeme mwingi.

Fundi wa Tope

Nimefurahi kuona namba za chupa. Kutoka 0.5 hadi 0.2 ni kipigo kikubwa. Usiongeze umri wa tope kabla hujakizuia chanzo, la sivyo utakuwa unalea wagonjwa kwenye chumba chenye moshi. Usafi wa Jumatatu ugawanywe katika siku za wiki, dawa ya sakafu ichanganywe kwa kipimo badala ya kukadiriwa kwa macho, na mabaki yasiyotumika yarudi stoo. Chanzo kikishatulia, omba tope kutoka mtambo wowote ambao amonia yake huisha, hata kama si wa hospitali, ulete mita chache za ujazo ulimwage kwenye tangi lako. Utaokoa wiki nyingi za kusubiri waote wenyewe. Rudia jaribio la alilithiourea kila wiki. Siku tofauti ya mistari itakapoanza kuonekana, hata kwa 0.05, ujue wamerudi.

Msimamizi wa Mtambo

Nimeketi leo na muuguzi mkuu na kiongozi wa usafi, nikiwa na ile karatasi ya mistari mitatu. Hatukubishana. Kuanzia wiki ijayo chumba cha upasuaji na zile wodi mbili zitaoshwa kwa siku tofauti, na pampu ya kupimia dawa ya sakafu itafungwa ukutani. Mabaki ya dripu yatawekwa kwenye ndoo yenye mfuniko na kupelekwa kwenye tanuri pamoja na vidonge vilivyokwisha muda, na sinki lile limebandikwa katazo.

Kwenye ripoti nimeandika kwamba siprofloksasini imeondolewa kwenye maji kwa asilimia 83, kwamba sehemu kubwa yake inakadiriwa kubaki kwenye tope, na kwamba kipimo kilitokana na sampuli moja isiyotosha. Uongozi haukuipenda sentensi ya pili lakini umeiacha. Kati ya magunia sita yaliyotolewa nimeyapata manne yakiwa hayajafunguliwa, na yamerudishwa. Mawili yalikwisha kuchimbiwa chini ya migomba, si kwenye mboga, na mwenye shamba amekubali kutopanda mboga za majani hapo.

Tope la mbegu kutoka mtambo mwingine tutalichota Alhamisi, na sampuli za saa 24 zitaanza Jumatatu itakayofuata, ili tuione siku iliyokuwa mbaya kuliko zote ikiwa imebadilishwa. Umbo la asetili limeongezwa kwenye orodha ya maabara. Nitaleta namba hapa zitakapotoka, zikiwa nzuri au mbaya.